Viwavi kwenye mlimau: kwa nini picha za karibu zinatoka na ukungu?

Mkaaji wa Ibanda, Bukavu
Ndugu wapendwa, salamu. Mlimau wa nyuma ya nyumba yetu una viwavi wa kipepeo Papilio demodocus, ambao wakiwa wachanga hufanana na kinyesi cha ndege na wakikomaa huwa kijani. Natumia lenzi ya makro (ya kupigia vitu vidogo kwa karibu) ya milimita 100, tundu lake la kupitishia mwanga likiwa wazi sana, f/2.8, kwa sababu ya kivuli cha majani. Macho mawili makubwa yanatoka wazi, lakini mwili wote una ukungu, na nikiwasha flashi ngozi inang'aa hadi rangi zinapotea. Je, nikate tawi nilipeleke penye mwanga?

Fundi wa picha, Goma
Ndugu, hayo unayoyalenga si macho, bali ni alama za kuwatisha ndege. Kichwa chenyewe ni kidogo na kimeinama mbele ya alama hizo, na macho halisi ni vidoa vidogo sana, kwa kawaida sita kila upande, lenga hapo. Ukipiga kwa uwiano wa 1:1, yaani taswira ndani ya kamera ikilingana kwa ukubwa na kiwavi mwenyewe, f/2.8 hukupa sehemu iliyo wazi isiyofika hata nusu milimita, ilhali f/8, ambalo ni tundu dogo zaidi, hukupa kama milimita moja, kwa hiyo mkao wa kamera ni muhimu kuliko namba yoyote: kaa ubavuni mwa kiwavi, kamera iwe sambamba na mwili wake, kisha rudi nyuma kidogo ili sehemu iliyo wazi iongezeke. Usifike f/22, kwani mwanga unaopenya tundu dogo hivyo hutawanyika na picha nzima hufifia. Mbele ya flashi weka karatasi nyeupe pana, karibu na kiwavi kadiri iwezekanavyo. Mng'ao utapungua sana.

Mama Bustani, Kadutu
Tafadhali, baba, usikate tawi. Jani lililokatwa hunyauka, na ukimtikisa kiwavi huyo hutoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini zenye harufu kali, ambazo ni silaha yake dhidi ya siafu na maadui wengine. Wengi hufurahia kuzipiga picha, nami naona ni kumsumbua bure. Chomeka fimbo ardhini, ulifunge tawi kwa kibanio cha nguo ili upepo usilitikise, na utoke asubuhi mapema kabla jua halijamchangamsha. Ukimkuta ametulia kabisa bila kula, huenda anajiandaa kujivua ngozi: mpige picha, lakini usimguse.