Mjadala: Nani hasa waanzilishi wa hevi metali, Blue Cheer au Black Sabbath?

Mleta mada:
Ndugu wapenzi wa muziki, naleta hoja ambayo najua itapingwa: heshima ya kuanzisha hevi metali, yaani roki nzito yenye magitaa ya kunguruma, ambayo wengi huwapa bendi ya Black Sabbath ya Birmingham, Uingereza, inawastahili kwanza bendi ya Blue Cheer ya San Francisco, Marekani. Albamu yao ya kwanza, Vincebus Eruptum, ilitoka Januari 1968, miaka miwili kabla ya ile ya kwanza ya Black Sabbath. Humo wanamuziki watatu tu, Dickie Peterson aliyeimba na kupiga besi, Leigh Stephens wa gitaa na Paul Whaley wa ngoma, waliuchukua wimbo wa Eddie Cochran wa mwaka 1958, Summertime Blues, wakauvunjavunja na kuujenga upya kwa gitaa linalonguruma hadi noti zinaingiliana, na bado ukafika nafasi ya 14 katika chati ya Billboard, orodha ya nyimbo zinazovuma Marekani.

Tukumbuke walikotoka. San Francisco ya wakati ule ilikuwa ya mahipi na ya bendi kama Grateful Dead, na hata jina la Blue Cheer lilikuwa la aina mojawapo ya LSD, dawa ya kulevya iliyotumiwa huko. Lakini wakati wenzao wakimbembeleza msikilizaji, wao walimvamia kwa safu za vikuza sauti vya Marshall. Sehemu ya albamu yao ya pili, Outsideinside, ilirekodiwa nje, mahali pa wazi, jambo ambalo, kwa ukubwa wa sauti yao, halinishangazi hata kidogo.

Mchangiaji:
Ndugu mleta mada, tarehe zako ni sahihi, ila ukubwa wa sauti peke yake haujawahi kuwa aina ya muziki. Punguza sauti ya Vincebus Eruptum, utabaki na bluzi, muziki wa zamani wa Wamarekani weusi: kati ya nyimbo zake sita, tatu ni za kuazima, ikiwemo Rock Me Baby iliyovumishwa na B.B. King. Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, aliyepoteza ncha za vidole viwili kiwandani, alileta utunzi mpya. Wimbo unaobeba jina la bendi yao umejengwa juu ya noti chache zinazogongana kwa namna ya kutisha, na haudai sauti kubwa ili utishe. Tena, kama kigezo ni kutangulia, kwa nini usimtaje mpiga gitaa Jimi Hendrix, ambaye albamu yake ya kwanza ni ya 1967?

Mleta mada:
Hoja ya Hendrix ni nzito, ingawa naona yeye aliitawala kelele ili itumikie gitaa, ilhali Blue Cheer waliiacha kelele iwe ndiyo muziki wenyewe, na bendi za roki nzito na za polepole za miaka ya 1990 zimefuata njia hiyo. Hiyo ya kuazima siikubali: albamu ya kwanza ya Black Sabbath nayo ina Evil Woman ya bendi ya Crow, na Warning iliyotoka kwa mpiga ngoma Aynsley Dunbar, na bluzi imejaa humo. Kuhusu utunzi wa Iommi, nakuachia nusu ya hoja. Nusu nyingine naidai kwa Doctor Please, wimbo wa Peterson mwenyewe wenye urefu wa karibu dakika nane. Usikilize mpaka mwisho, kisha unioneshe bluzi inaishia wapi.