Asidi dhaifu inamalizaje alkali sawa na asidi kali? Nisaidieni upesi

MtuWaUmoja: Wadau, sijalala. Asidi ya ethanoiki, ile ya kwenye siki, ikiwa 0.1 M (M ni kipimo cha wingi wa asidi katika lita), katika molekuli 100 ni kama moja tu inayoachia ayoni ya hidrojeni majini. Ya haidrokloriki ya 0.1 M huachia karibu zote. Sasa mbona mililita 25 za kila moja zinamaliza alkali ileile?

Fundi_Betri: Asidi ni asidi. Ya betri ilinitoboa suruali pale Grogan, nikapanda matatu hadi Kayole nimejisitiri kwa gazeti.

MamaChipsi: Siki ya siku hizi ni dhaifu kweli, wanaijaza maji.

MwalimuMstaafu: Mama, hiyo ni kuzimuliwa, si udhaifu. Tena ukiizimua hadi 0.01 M, zinazogawanyika hufika kama nne kwa mia. Udhaifu ni molekuli kung'ang'ania hidrojeni yake.
Mwenye uzi, zile 99 hazijafa. Alkali ikinyakua ayoni iliyopo, molekuli nyingine inagawanyika kuziba pengo, na nyingine, mpaka zote ziishe. Mwanzoni pH, kipimo cha ayoni za hidrojeni majini (namba ndogo, ayoni nyingi), ni kama 2.9 kwa ethanoiki na 1 kwa haidrokloriki, lakini alkali itakayotumika ni ileile. Uko kidato cha ngapi?

MtuWaUmoja: Mimi si mwanafunzi.

MwalimuMstaafu: Basi usiku kucha unatafuta nini?

MtuWaUmoja: Nafundisha tuisheni. Kijana aliandika alkali mililita 25, nikamkosoa, nikamwambia haifiki hata moja. Akaenda kujibu hivyo kwenye mtihani wa shule. Mamake aliponiuliza nikasema mwalimu wa shule ndiye kakosea. Lakini jamani, ayoni chache, alkali kidogo, nani asingewaza hivyo? Na kodi ni tarehe tano.

Kijicho: Ngoja. Mwezi jana si wewe uliyekuwa na duka la simu Luthuli? Hii umetunga.

MtuWaUmoja: Duka lilifungwa! Ndiyo nikaingia tuisheni. Kemia nilipata B-.

Fundi_Betri: Mimi D, na najua inatoboa.

Kijicho: Mwalimu asiyejua titresheni, huko kupima asidi kwa alkali? Mtunzi huyu.

MamaChipsi: Awe mtunzi, asiwe mtunzi, pesa za watu zirudi.

MwalimuMstaafu: Mwambie mama ukweli leo, kabla hajafika shuleni.

MtuWaUmoja: Nilimwandikia jana adai alama zirudishwe. Tiki zimekuwa buluu. Ndiye huyu anapiga, na nyuma nasikia kengele ya shule.