Walimu wa tuisheni Kigoma, 169 imekuwa namba tasa tangu lini?

Wakuu, habari za jioni. Nina hasira, mtanivumilia.

Mwanangu yuko darasa la saba, tunakaa Mwanga hapa Kigoma, na jioni anakwenda tuisheni ya Hisabati. Kituo sikitaji, wenyewe wanajijua. Juzi kaleta karatasi iliyosahihishwa. Swali: orodhesha namba tasa zote kati ya 160 na 170. Dogo kaandika 163 na 167. Kakoseshwa! Kalamu nyekundu imeongeza 169, na pembeni mwalimu kaandika: "Haigawanyiki kwa 2, 3, 5 wala 7."

Ni kweli, kwa hizo haigawanyiki. Inagawanyika kwa 13! Mimi ni fundi wa vigae, shahada sina, lakini nipe vigae 169 nikupangie sakafu ya 13 kwa 13 bila kubaki hata kimoja. Tasa gani hiyo inayokubali kupangwa mraba?

Nikaenda kuuliza kwa adabu zote. Nikajibiwa, "Mzee, kanuni ndiyo hiyo, ukijaribu 2, 3, 5 na 7 hukosi." Hapo ndipo damu ilipochemka, maana kanuni yenyewe nzuri, ila ina mpaka, na mpaka wake hawausemi. Mpaka ni 121.

Kwa nini 121? Namba isiyo tasa (acheni 1, hiyo ina habari zake) ni zao la namba mbili ndogo kuliko yenyewe. Kati ya hizo mbili, moja lazima iwe sawa au pungufu ya kipeuo cha pili cha namba unayoichunguza. Zote mbili zikikizidi, zao linapitiliza. Kwa hiyo unajaribu namba tasa moja moja, ukifika ile ambayo kipeo chake cha pili kimeipita namba yako, unaacha. Namba tasa inayofuata 7 ni 11, na 11 × 11 ni 121. Chini ya hapo, 2, 3, 5 na 7 zinatosha kabisa. Kuanzia 121 lazima uongeze 11, kuanzia 169 uongeze 13, kuanzia 289 uongeze 17. Mipaka yote hiyo ni vipeo vya pili vya namba tasa. Huwezi kufundisha namba tasa ukaziruka namba za mraba.

Najua ugonjwa ulikotoka. Ni lile jedwali la 1 hadi 100 la kukata vigawe, chekeche la Eratosthenes, Mgiriki aliyeishi Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Jedwali linaishia 100, kwa hiyo ukishakata vigawe vya 7 umemaliza, na mtu anaondoka akiamini dunia nzima inaishia kwenye 7. Hadi 200 zinazopenya kwa kanuni hiyo ya mkato ni nne tu: 121, 143, 169 na 187. Nne! Mwalimu kashindwa kuzikariri hata hizo, wakati kukariri ndiyo kazi anayowapa watoto wetu.

Halafu kuna swali la mbele yake: namba zipi chini ya 50 zina vigawo vitatu tu? Dogo kajibu 4, 9, 25, 49. Kakoseshwa tena, eti kasahau 16 na 36 "kwa kuwa nazo ni za mraba". Jamani! 16 ina vigawo vitano: 1, 2, 4, 8, 16. 36 inavyo tisa. Namba za mraba zina vigawo vya idadi witiri, sawa, kwa sababu vigawo huenda kwa jozi na kile cha katikati kinajizidisha chenyewe. Lakini vitatu kamili ni vya vipeo vya pili vya namba tasa peke yake. Mtoto kajibu kwa akili, kapewa sifuri.

Kama mwalimu anataka kusema "sijui", pa kusemea papo. Legendre, mwanahisabati wa Ufaransa, alidhani kati ya namba mbili za mraba zinazofuatana haikosekani namba tasa: kati ya 9 na 16 kuna 11 na 13, kati ya 25 na 36 kuna 29 na 31. Mwaka 1912 Landau, mwanahisabati wa Ujerumani, aliliweka miongoni mwa maswali manne magumu ya namba tasa, na hadi leo hakuna aliyelithibitisha. Huko hata maprofesa wanakiri. Kwenye 169 hakuna cha kukiri, ni kuzidisha tu.

Ninachodai: karatasi zisahihishwe upya, za watoto wote, si za mwanangu peke yake, maana wapo waliopewa tiki kwa kuandika uongo na wataupeleka chumba cha mtihani. Mpaka hapo hela ya mwezi huu siitoi. Na mwalimu mwenyewe kama yumo humu, aje atuambie 187 anaiweka kundi gani.