Naombeni ushauri: brauza nyepesi ya Windows 7, RAM GB 2

Bibi Steshenari:
Wakuu habari za jioni. Nina kibanda cha steshenari Mbagala, kompyuta yangu ni ya mezani, RAM GB 2, Windows 7. Chrome imegotea toleo la 109, haipandi tena. Nikimjazia mteja fomu ya chuo huku WhatsApp iko wazi pembeni, mausi inaganda, feni inaunguruma kama mashine ya kusaga, mteja anaangalia saa. Kuna kijana kaniambia niweke Pale Moon. Ndiyo kwanza nalisikia hilo jina. Kuna anayeitumia? Hela ya mashine mpya sina.

Fundi wa Mtaa:
Naitumia, dada. Nyepesi kweli na Windows 7 inakubali. Asili yake ni Firefox ya zamani, ila injini, yaani sehemu inayofungua kurasa, ni yao wenyewe, inaitwa Goanna. Sasa ubaya unaanzia hapohapo: tovuti nyingi wanazijaribu kwenye Chrome tu, kwa hiyo kuna siku utabonyeza kitufe kitulie kimya.

Bibi Steshenari:
Kitufe cha kutuma kikitulia na mteja keshalipa, namwambia nini?

Kobe Mzee:
Jaribu Supermium. Ni Chromium, ule msingi wa Chrome, iliyorekebishwa ikubali Windows za zamani, mpaka XP. Fomu zitafunguka.

Fundi wa Mtaa:
Zitafunguka, ila kwa RAM hiyo itakoroma kama Chrome tu. Halafu dada anaingiza namba za NIDA na nywila za watoto wa watu. Mimi brauza ya watu wachache naisomea habari za mpira, siiachii siri za wateja.

Mpita Njia:
Shusha Firefox ESR 115, ESR ni lile toleo linalotunzwa muda mrefu. Ndiyo ya mwisho kukubali Windows 7, na Mozilla, wenye Firefox, wameshaiongezea muda wa masasisho ya usalama mara kadhaa. Weka na uBlock Origin ya kuzuia matangazo, maana hayo ndiyo yanayokula RAM. WhatsApp ihamishie kwenye simu. Ukipata vijisenti, tafuta RAM ya mtumba kwanza.

Bibi Steshenari:
Mrejesho wakuu. Nimeweka hiyo ESR, leo fomu tatu zimekwenda bila kuganda. Pale Moon nayo nimeiacha, mwanangu anasomea. Feni bado inaunguruma, fundi kaifungua kakuta vumbi la tangu tununue.