Tupeane uzoefu: ulipungua, kilo zikarudi, safari hii unafanyaje zisirudi tena?

MamaPacha_Kimara

Wapendwa habari za jioni. Naomba leo tuongee na wale ambao walishapungua kabisa, wakapongezwa, nguo zikapelekwa kwa fundi zikapunguzwa, afu kilo zikarudi. Habari za kupungua zipo tele ila hii ya kurudi kila mtu anajifungia nayo ndani na inauma kwelikweli.

Mi 2021 nlikua na kilo 94 na urefu wangu ni sentimita 160. Nkakata wanga moja kwa moja, yani ugali hapana, wali hapana, hata embe hapana, asubuhi mayai mchana nyama na mchicha usiku parachichi, watoto na baba yao wana sufuria lao mi nna kikaango changu pembeni. Miezi mitano nko 73. Nlipoenda kwetu Moshi mama akanivutia jikoni akaniuliza kwa sauti ya chini, mwanangu unaumwa unanificha?

Kilichoniangusha ni msiba. Baba mkubwa alifariki tukakaa siku nne, chakula kinatoka sufuria moja mchana na usiku, wali maharage, na huwezi kwenye msiba ukaanza kuuliza mayai yako. Siku ya kwanza nlionja. Ya pili nlikula sahani mbili na bado nataka ya tatu, sijawahi kusikia njaa ya aina ile tangu nizaliwe. Nkarudi Dar nasema ntaanza jumatatu, na hiyo jumatatu haikufika mpaka juni 2023 nlipopanda mzani wa duka la dawa ukasoma 97. Zaidi ya nlikoanzia. Nlitembea mpaka kituoni machozi yananitoka.

Safari hii nlianza na jambo moja tu, sipiki tena chakula changu peke yangu, nyumba nzima tunakula kimoja. Mboga za majani zamani nlikua nanunua mafungu mawili kwa watu watano, sa hivi manne, na ndo zinatangulia kwenye sahani, zikishakaa nusu ndo nakata ugali kipande cha ukubwa wa ngumi yangu. Mafuta nlikua namimina tu kutoka kwenye dumu, siku moja nkasema hebu nipime, nkamimina kama kawaida yangu kwenye kikombe afu nkachota na kijiko cha chakula, vilikua vijiko 9. Na kijiko kimoja cha mafuta ni kalori kama 120! Sa hivi naweka 3 na hakuna hata mmoja nyumbani aliyelalamika. Sukari ya chai nlipunguza nusu kijiko kila baada ya wiki mbili mpaka ikaisha.

Mazoezi yangu nafanyia kwenye safari ya basi la mwendokasi, asubuhi nashuka kituo cha Fire kabla ya kufika, natembea mpaka ofisini Posta, jioni hivohivo, viatu vya ofisi vinalala kwenye droo.

Leo nko 84, imenichukua karibu miaka miwili. Desemba tulienda Moshi nkala machalari na nyama bila kujihesabia, nkarudi nimeongeza kilo moja na nusu, na kufika mwisho wa januari ilishaondoka bila mi kuanza upya kitu chochote. Hilo sijawahi kulipata kwenye maisha yangu. Wengine mmefanyaje?

Kaka wa Nyegezi

Dada pole na hongera. Mimi yangu ilikua upande wa mazoezi. Nlikua jimu siku 6 kwa wiki saa moja na nusu, kitambi kikaisha, afu kazini wakanihamishia zamu ya usiku. Nkakosa wiki moja, nkaona nshaharibu basi, nkaacha miezi kumi na kitambi kikarudi na cha ziada.

Sa hivi nna sheria moja, siku mbili zikipita sijafanya kitu, ya tatu lazima nifanye hata dakika 10. Skwati, pushapu nikishika ukingo wa kitanda, dumu la maji la lita 10 kila mkono. Hata nikitoka zamu nimechoka dakika 10 haziniui. Na kikubwa nliacha kudhani mazoezi ndo yatafuta kitimoto na bia za jumamosi, nilikua nakimbia nusu saa afu nakaa baa masaa manne. Jumamosi naenda bado, ila naagiza sato wa kuchoma na kachumbari, bia mbili, nasimama.

Bi Zainabu wa Pwani

Assalaam alaikum. Mie niko Mombasa, kwangu ni Ramadhani. Mwaka mzima nahangaika napunguza, mwezi ukiingia tu kilo nne zarudi, na watu hudhani ukifunga utakonda. Meza ya futari yetu mwaijua, kaimati, viazi karai, sambusa, tambi, mahamri kwa mbaazi, mihogo ya nazi, na sharubati yenye sukari, vyote siku moja na vyote vyaliwa kwa dakika ishirini.

Miaka miwili sasa nafungua kwa tende tatu na maji, nainuka naswali magharibi, nikirudi nanywa supu, ndipo nakula. Ile nafasi ya swala yanisaidia sana, nikirudi njaa ishatulia. Vya kukaanga nimeviwekea ijumaa na jumapili pekee, mabinti zangu walinuna wiki ya kwanza kisha wakazoea. Baada ya tarawehe mie na jirani yangu twatembea Mama Ngina kwenye upepo wa bahari, na mwezi ukiisha twaendelea kwenda. Ramadhani iliyopita sikuongeza hata kilo moja alhamdulillah.

Afisa Lishe

Nafanya kazi ya lishe, naomba niongeze kitu maana hapo juu dada kaelezea njaa ya msibani na watu wengi huiita uroho. Sio uroho. Ukipungua kwa haraka sana mwili unaona kama kuna ukame, homoni ya njaa inapanda, ile ya kukuambia umeshiba inashuka, na utafiti uliofanyika Australia ukatoka 2011 ulionyesha hata mwaka mmoja baadaye zilikua bado hazijarudi kawaida. Mwingine wa Marekani wa 2016 uliwafuatilia watu 14 waliokua kwenye shindano la kupungua la kwenye TV. Miaka 6 baadaye, kati ya kilo 58 walizopunguza kwa wastani, 41 zilikua zimerudi, na miili yao ikiwa imepumzika ilikua inachoma kalori kama 500 kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa.

Kwahiyo mtu uliyerudisha kilo usijiite mvivu tafadhali, naumia sana nikisikia hilo kliniki. Shirika la Afya Duniani linasema dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa haraka kumo, pamoja na mazoezi ya misuli angalau siku mbili, kama hayo ya kaka wa Nyegezi. Ila kama unatumia dawa za kisukari au presha ongea na daktari wako kabla hujabadilisha milo, sukari au presha inaweza kushuka ghafla ukaanguka.

Mgeni_Tabata

Nimesoma yote nalia. Nlishuka hadi 78 kabla ya harusi yangu, sasa nna mtoto wa miezi 11 nko 91. Kikundi changu cha jogging cha jumamosi nawakwepa hadi njia nimebadilisha, sitaki wanione. Sijui nianzie wapi na sina nguvu ya kuanza daieti tena.

MamaPacha_Kimara

Mdogo wangu daieti iache. Mtoto bado ananyonya?

Mgeni_Tabata

Ndio dada.

MamaPacha_Kimara

Basi ndo kabisa, usijinyime chakula. Mzani usiupande mwezi huu. Leo usiku unapika nini?

Mgeni_Tabata

Ugali, dagaa na matembele.

MamaPacha_Kimara

Chakula kizuri sana hicho. Ongeza fungu moja la matembele, pima mafuta kwa kijiko, pakua matembele kwanza afu dagaa afu ugali, ushibe. Kesho jua likipungua mfunge mtoto mgongoni utembee nae dakika 15, ukirudi uniandikie hapa, ntakua nakusubiri.