Opereshini ya pua: ya wazi, ya ndani au sindano ya fila?

Kipepeo_Tanga: Wakuu, hela ninayo, mwezi ujao nataka kurekebisha pua. Daktari mmoja anataka kufanya ya wazi, mwingine anasema ya ndani inatosha. Shoga yangu ananisukuma nichome fila, ile jeli ya kujaza pua, eti nusu saa umemaliza. Ipi bora?

Mkude Jr: Kwa pua ipi? Nundu? Matundu mapana? Unapumua vizuri? Keloidi je, yaani kovu lako huvimba na kukua?

nesi_wa_zamu: La keloidi lijibiwe kwanza. Opereshini zote mbili, ya wazi na ya ndani, kwa kawaida ni nusu kaputi. Ya wazi wanachana ngozi kati ya matundu na kuifunua, daktari anaziona gegedu za ncha waziwazi. Ya ndani michano inajificha matunduni, ila anaona kwa taabu. Nundu inasagwa, mfupa unakatwa pembeni na kusogezwa. Kuinua mgongo wa pua, gegedu inatolewa ukuta wa kati, sikioni au ubavuni. Ukipunguza matundu, wanakata pale pua inapokutana na shavu, kwa hiyo usidanganywe kwamba ya ndani haiachi kovu kamwe.

Bi Mwana: Mimi fila tu. Visu sivitaki.

nesi_wa_zamu: Fila inajaza, haipunguzi. Ikiingia mshipani ngozi inaweza kufa, na wapo waliopofuka.

Sitaki_Shari: Mdogo wangu aliwekewa kipande cha silikoni puani nje ya nchi. Miezi ya kwanza picha kila siku. Baadaye ncha ikawa nyekundu, ngozi ikasinyaa mpaka kile kitu kikaanza kuchungulia. Kliniki ikaacha kupokea simu. Ikabidi kitolewe hapa, tukasubiri pua itulie, ndipo akajengewa upya kwa gegedu ya ubavu. Gharama mara mbili, na mbavu ndizo zilizomliza kuliko pua. Uliza watakuwekea nini!

Babu Ali: Pua ya bibi yako ina kosa gani?

Sitaki_Shari: Shikamoo babu, lakini hajakuuliza hilo.

Mkude Jr: Istanbul wanafanya kila siku.

nesi_wa_zamu: Na uvimbe ukizidi ukisharudi, nani atakuangalia? Plasta ngumu inatolewa baada ya wiki moja hivi, lakini ncha inaweza kuchukua mwaka kutulia.

Kipepeo_Tanga: Asanteni. Keloidi ninayo sikioni, ndogo.

Mkude Jr: Sasa ndiyo unasema!

Bi Mwana: Nesi, hiyo opereshini inatibu kukoroma? Mume wangu anakoroma, hatulali.

nesi_wa_zamu: Ukuta wa pua ukiwa umepinda, kuunyoosha husaidia kupumua. Kukoroma mara nyingi ni koo. Ana kitambi?

Bi Mwana: Weee, kitambi!