BARABARA NI BURE??? Huyu mtu katutukana mchana kweupe, tena anacheka!

Wakuu naandika hapa mikono inatetemeka kwa hasira, msinidai nukta wala mkato.

Jina sitaji, sina sababu, mnamjua nyote. Yule yule wa michezo. Yule ambaye mkasi na utepe havimtoki mkononi, naamini hata mlango wa chooni kwake haufungui mpaka akate utepe kwanza na mpiga picha awe ameshajipanga. Huyo.

Leo kaja uwanjani kwetu kuongea na vikundi vya michezo kuhusu fungu la serikali, lile la viwanja vya jamii na la kuwainua wanamichezo chipukizi. Tumemsubiri juani mpaka watoto wadogo wakaanza kusinzia wamesimama. Kafika, gari kaenda kuliegesha wapi? Juu ya mstari wa kumalizia!! Mstari tumeuchora wenyewe alfajiri kwa chokaa, tumepima kwa kamba leni moja moja, mita 1.22 kila leni kama kanuni inavyotaka, tumefanya hivyo kwa heshima yake ili akija aone hapa kuna watu wako makini. Matairi ya kushoto leni ya tatu, ya kulia leni ya nne. Sawa, tukanyamaza, mgeni ni mgeni.

Akaongea weee. Mkakati, mchakato, wadau, dira, sijui andiko gani liko hatua gani. Ikafika zamu ya maswali, akasimama binti mmoja ninayemfundisha, anakimbia mita 400 na kwenye kupokezana vijiti yeye ndiye anayemalizia. Mliokuwepo mlimwona, spaiki zake ni za kurithi, misumari imelika mpaka usawa wa soli na mbele pameshonwa kwa uzi wa nyavu. Kasimama kwa adabu zote, shikamoo mheshimiwa (marahaba haikutoka), akauliza mawili tu. Moja, kona ya pili itafukiwa lini lile shimo maana mwenzie aliteguka pale kifundo cha mguu. Mbili, nauli ya kwenda kwenye mchujo wa taifa itatoka kwenye hilo fungu au azungushe tena daftari la michango.

Jibu la mtu mzima, mwenye ofisi, mwenye dereva, mwenye kiyoyozi:

"Kwani lazima uwanja? Si mkimbie barabarani, barabara ni bure."

ALAFU AKACHEKA. Na wale wa mafaili nyuma yake wote wakacheka, mmoja kacheka mpaka kalamu ikamdondoka. Barabara ni bure! Anamwambia mtoto aliyekuja na spaiki zilizoshonwa!

Hivi barabara ni bure kwa nani? Mtu wa viunzi naye akapange viunzi vyake katikati ya malori? Eneo la kupokezana kijiti kwenye 4x100 ni mita 30, tukaliweke wapi, kwenye kivuko cha waenda kwa miguu tusubiri taa zituruhusu? Na wa mkuki je? Mkuki wa wanaume ni gramu 800 una ncha ya chuma, barabara ni bure haya tumrushie nani, dereva wake?

Na najua wanachojificha nacho. Kila ukiwadai uwanja wanakuletea stori ya Julius Yego wa Kenya, eti mbona alijifunza mkuki kwa kutazama YouTube mpaka mwaka 2015 akarusha mita 92.72 kule Beijing akawa bingwa wa dunia. Wanaisimulia kana kwamba hela haina kazi! Ile stori ni aibu kwa wakubwa wa michezo wote duniani, mtu mwenye mkono ule anafundishwa na simu kwa sababu kocha hakuna. Na hata Yego mwenyewe kabla ya ubingwa huo alishaenda Finland kupata kocha na vifaa. Hicho kipande huwa wanakiruka.

Sasa huyu binti mungu akimjalia akaleta medali, nani atakuwa wa kwanza kushuka uwanja wa ndege na shada la maua lililomzidi kimo? Yeye! Yeye wa barabara ni bure! Atamkumbatia mpaka mtoto akose pumzi.

Alipoondoka gari lilirudi nyuma likafuta leni zote mbili. Binti kachukua kopo la chokaa akaanza kuchora upya, hakusema neno. Mimi nimeshindwa kula mpaka saa hizi. Barabara ni bure. Kakaa akafikiria akaona hilo ndilo la kumwambia mtoto.

Mzee wa Kiunzi aliandika:
Nimemjua kabla sijamaliza mstari wa pili. Utepe ndio uliomtaja 😂😂

Nimekaa Paleee aliandika:
Mkuu punguza povu, aya ya tatu nimeisoma pumzi ikakata, ningekuwa barabarani ningegongwa.

Dada Netiboli aliandika:
Mimi nilikuwepo. Aliyedondosha kalamu namjua, ndiye huwa anatuambia fomu zimeisha. Ila mleta uzi umesahau kuwaambia watu kwamba alipomaliza kucheka aliomba maji.

Mleta uzi aliandika:
Akapewa! Tena yale tuliyowawekea watoto! Barabara ni bure ila maji yetu anakunywa!

Mbio za Zamani aliandika:
Nyie vijana mna deko sana. Filbert Bayi mwaka 1974 kavunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, kaongoza mwanzo mwisho, alisubiri nani amfukie shimo? Fanyeni mazoezi acheni kulialia mitandaoni.

Mzee wa Kiunzi aliandika:
Mzee wangu kwa heshima zote, ile rekodi Bayi kaiweka ndani ya uwanja kule Christchurch kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Hakuiweka barabarani. Na Tanzania medali za Olimpiki zilizopo ni zile mbili za Moscow 1980, ya Bayi na ya Nyambui. Tangu hapo vijana wamekuwa na deko wote kwa pamoja?

Mbio za Zamani aliandika:
Sijasema wote.

Hesabu Safi aliandika:
Tatizo sio huyo mtu mmoja, hela ipo ila inaenda kwenye maonyesho. Montreal waliandaa Olimpiki 1976, deni la uwanja wao mkubwa wakamaliza kulilipa 2006, miaka 30!! Athens walijenga vya 2004, vingi vikaota majani. Ukienda Iceland, watu hawafiki hata laki nne, halmashauri zao zilijenga kumbi za ndani za kuchezea mpira, mtoto akitoka shule anaingia anacheza hata nje kuna barafu, na makocha wamesomeshwa. Mwaka 2016 wakamtoa England kwenye Euro, 2018 wakaenda Kombe la Dunia. Uwanja mdogo wa jamii hauna utepe mrefu, ndio maana hawautaki.

Kikapu Daima aliandika:
Hesabu Safi umegusa donda. Nyie wa riadha angalau mnapewa matusi, sisi wa kikapu hata tusi hatupati. Kila serikali ikitoa hela inauliza medali iko wapi kwanza. Uingereza kwenye Atlanta 1996 walipata dhahabu moja tu wakawa wa 36, wakaanza kumwaga hela ya bahati nasibu kwa wanamichezo wao, Rio 2016 wakapata 27 wakawa wa pili. Kila mtu anaisifia hiyo habari. Sasa muulizeni mtu wa kikapu wa hukohuko, 2014 wakakatiwa fungu kwa sababu hawana dalili ya medali. Bila hela utaitoa wapi dalili?? Ringi ya uwanja wetu imepinda inatazama chini, ukifunga ni bahati.

Samaki Mkavu aliandika:
Ringi imepinda na wewe unalia? Sisi wa kuogelea tuna bwawa halina MAJI. Limezinduliwa, utepe umekatwa, hotuba imesomwa, pampu ya kuchuja maji haikununuliwa kwa sababu haikuwa kwenye bajeti ya ujenzi, ilitakiwa iwe bajeti ya uendeshaji na bajeti ya uendeshaji haipo. Watoto wanachezea mpira ndani ya bwawa.

Nimekaa Paleee aliandika:
Samaki unajua ni nani aliyekata huo utepe? 👀

Samaki Mkavu aliandika:
Unaniuliza wakati jibu unalo.

Magurudumu Mawili aliandika:
Na sisi wa viti mwendo tuongee. Ukumbi mpya wameandika mlangoni "michezo kwa wote" kwa herufi za dhahabu. Mlango uko juu ya ngazi. Njia ya mteremko iko nyuma, inaishia kwenye ukuta wa jenereta. Huwa nabebwa na wenzangu kuingia mazoezini, mimi mnyanyua uzito, mabega yangu haya, nabebwa!

Dada Netiboli aliandika:
Jamani hiyo ya ukuta wa jenereta imeniuma. Fundi alijenga akaona ukuta akaendelea?

Magurudumu Mawili aliandika:
Ramani ndivyo ilivyosema, kaniambia mwenyewe. Na aliyeipitisha ramani hajawahi kufika pale.

Refa Kimya aliandika:
Wote mnajililia, refa je? Nachezesha mechi za vijana kutwa nzima, natukanwa na wazazi wa pande zote mbili, posho inaitwa "iko kwenye mchakato". Filimbi nimenunua mwenyewe.

Kikapu Daima aliandika:
Refa wewe subiri, wewe ndiye uliyetunyima penalti mbili zile za wazi.

Refa Kimya aliandika:
Kwenye kikapu hakuna penalti ndugu, ndio maana hamna medali.

Nimekaa Paleee aliandika:
😂😂😂😂 uzi ufungwe

Mleta uzi aliandika:
Wakuu tafadhali tusitoke kwenye mada, huyu mtu kamwambia mtoto BARABARA NI BURE, tunafanyaje? Nataka tuandike barua kesho, nani anajua kuandika barua kali yenye adabu?

Mbio za Zamani aliandika:
Barua nitaandika mimi. Nimeandika nyingi. Lakini hamtanifundisha habari za Bayi.

Samaki Mkavu aliandika:
Kwenye barua muweke na pampu.

Magurudumu Mawili aliandika:
Na ngazi.

Kikapu Daima aliandika:
Na ringi. Na refa abadilishwe.

Mleta uzi aliandika:
Barua ni ya BARABARA!

Mwenye Zamu aliandika:
Samahani nauliza nje ya mada kidogo, sisi wa ngumi tulipangiwa ukumbi jioni hii na geti limefungwa tangu saa kumi, tuko nje na magunia tumeyabeba mabegani. Nani ana namba ya mwenye ufunguo?

Dada Netiboli aliandika:
Ufunguo upo kwa mlinzi, mlinzi yupo kwa yule aliyedondosha kalamu.

Mwenye Zamu aliandika:
Tumempigia. Anasema tufanyie mazoezi nje.

Refa Kimya aliandika:
Nje si ndio zamu ya netiboli?

Dada Netiboli aliandika:
Ni zamu YETU na tusione mtu, tulijiandikisha tangu mwanzo wa mwezi, magunia yenu myaninginize kwingine.